Nani Anakata Mayunite Ukishavuka Kasumbalesa?

Lori linalotoka upande wa migodi ya Mashamba na sahani za shaba huondoka Kolwezi likiwa na bahasha nzito. Humo mna cheti cha asili ya madini, karatasi za uzito, nyaraka za forodha na namba za lakiri. Kutoka hapo hadi bandari ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 2,000: Likasi, Lubumbashi, mpaka wa Kasumbalesa, kisha Zambia kuanzia Chingola hadi Nakonde, halafu Tunduma, Mbeya, Iringa na Morogoro. Njia nzima shaba hiyo hutambulika kuwa ni ileile, ya mwenyewe yuleyule. Simu ya dereva haina bahati hiyo. Ikishavuka Kasumbalesa, laini yake ya Vodacom, Airtel au Orange ya Congo inageuka mgeni, na mgeni huyo hulipishwa kwa kanuni ambazo dereva hakuwahi kuzisoma.

Ndiyo maana ukichungulia kwenye kabini ya lori utakuta simu mbili, pengine tatu, na laini nyingine za akiba zimefungwa kwenye kijikaratasi. Watu wa mjini hudhani ni mbwembwe. Ni hesabu tu, na dereva amezipiga vizuri kuliko maofisa wengi wa mawasiliano.

Tuanze na kinachotokea katika zile sekunde chache kabla ya simu kuonyesha jina la mtandao wa Zambia. Ndani ya kila laini imo namba ya utambulisho ya tarakimu 15, ambayo si ile unayompa rafiki. Tarakimu tatu za mwanzo hutaja nchi: 630 ni Congo, 645 Zambia, 640 Tanzania. Mnara wa Zambia ukisoma 630 unajua kwamba huyu si wa kwao. Mtandao mwenyeji hutuma swali hadi Congo: mnamfahamu mtu huyu, na je, mnakubali nimhudumie? Kama kampuni hizo mbili hazina mkataba, jibu ni kimya na simu inabaki bila mtandao. Kama mkataba upo, Congo inarudisha maelezo mafupi ya mteja: anaruhusiwa kupiga au kupokea tu, ana intaneti au hana, analipa kabla au baada. Ule ujumbe wa kukukaribisha Zambia huja baada ya mazungumzo hayo kwisha.

Kulipa kabla ndiyo kanuni ya Congo. Mtu wa Kolwezi hununua mayunite, yaani salio la simu, kwa muuzaji aliyekaa chini ya mwavuli, na mamega ya intaneti kwa siku au kwa wiki. Mteja wa namna hiyo ndiye aliyekuwa kichwa cha maumivu kwa wahandisi wa romingi, yaani huduma ya kutumia laini ya nyumbani kwenye mtandao wa nchi nyingine. Mwenye mkataba wa mwezi anaweza kuzungumza leo na kulipa baadaye, lakini wa mayunite lazima apimwe papo hapo, tena na kompyuta iliyo nchi nyingine. Zamani mitandao mingi ilimnyima romingi kabisa, au ilimtaka aandike msimbo wa nyota na namba, asubiri, kisha kompyuta ya nyumbani impigie yeye na kumuunganisha na anayemtafuta. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ukaja utaratibu ulioitwa CAMEL. Unapobonyeza kitufe cha kupiga ukiwa Ndola, swichi ya Zambia husimama kwanza na kuiuliza Congo kama una kitu. Congo hutazama salio, hupiga mahesabu ya bei ya huko, hujibu: mwache azungumze kwa sekunde kadhaa, kisha uniulize tena. Salio likikauka katikati ya sentensi, amri ya kukata hutoka Congo ingawa aliyekata ni Zambia.

Kwa upande wa intaneti kazi hiyo imegawanywa kwa mashine mbili. Shirika la 3GPP, linaloandika viwango vya simu za mkononi duniani tangu 1998, liliunganisha udhibiti wa sera na udhibiti wa malipo katika waraka mmoja unaojulikana kwa namba 23.203, kwenye toleo lililokamilika karibu na 2007. Mashine ya kwanza, PCRF, huamua sera: mteja huyu apewe kasi gani, afungue huduma zipi, akifika kiwango gani apunguziwe au afungwe. Ya pili, OCS, inashika mkoba. Katikati kuna lango ambalo intaneti yote ya mteja hupitia, na lango hilo hutii zote mbili.

Aliyewahi kusimama kwenye depo ya mafuta ya mgodi ataelewa mara moja jinsi mkoba huo unavyofanya kazi. Mlinzi wa tanki hampi dereva funguo. Humpimia lita kadhaa, huandika, na akirudi kuomba tena humuuliza zile za kwanza zimeishia wapi. OCS nayo hutoa megabaiti chache, huzitenga kwenye salio kana kwamba zimekwisha kutumika, huweka na muda wa mwisho. Lango likizimaliza huomba nyingine. Mteja akizima simu, zilizobaki hurudishwa. Hapo ndipo penye lile jambo linalowakasirisha watu, kuona salio limepungua ghafla kisha likaongezeka kidogo baadaye. Mara nyingi si wizi. Ni fungu lililotengwa ambalo bado halijarudi, na kadiri mawasiliano kati ya nchi mbili yalivyo ya kusuasua ndivyo linavyochelewa.

Sasa lango hilo liko wapi? Wasafiri wengi hudhani kwamba wakiwa Kitwe intaneti yao inatoka Kitwe. Sivyo. Kampuni nyingi duniani hupeleka intaneti ya mteja wa romingi nyumbani kwanza. Picha unayoifungua Kitwe hupita ndani ya bomba maalumu hadi lango la Congo, ndipo inapokutana na intaneti, na jibu hurudi njia ileile. Waandishi wa viwango waliweka pia njia ya pili: mteja atokee hukohuko aliko, na mashine mbili za sera, ya mwenyeji na ya nyumbani, zizungumze zenyewe kwa mlango uitwao S9. Kwenye karatasi ni jambo zuri sana. Kampuni chache mno zimeujenga mlango huo, kwa sababu kila kampuni hupenda kumwona mteja wake kwa macho yake, na mkoba haiachi mikononi mwa jirani.

Mashamba penyewe pana mfano bora wa maana ya jambo hili. Mashimo yanayobeba jina hilo ni mawili. Mashamba Mashariki limo katika eneo la kampuni ya KCC, ubia wa Glencore na Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Congo. Mashamba Magharibi, pamoja na shimo la Dikuluwe, liliondolewa mikononi mwa KCC mwaka 2008 likaingizwa Sicomines, ubia wa Gécamines na kampuni za serikali ya China. Tangu hapo Kolwezi imepokea mafundi, wapishi na wahasibu wengi wa Kichina. Fundi aliyekuja na laini ya kwao akiwasha romingi hapa Kolwezi, ardhi ya Lualaba nyekundu chini ya buti zake, intaneti yake inatokea China. Tovuti zilizofungwa kule zinabaki zimefungwa hapa. Jirani yake Mkongo, kwenye mnara uleule, anafungua Facebook bila shida.

Geuza mfano. Mfanyabiashara wa Lubumbashi anakwenda Guangzhou kununua vipuri na vitenge. Laini yake ya Congo, ikiwa na romingi, inamfungulia WhatsApp katikati ya mji ambao wenyeji wake hawaifungui, kwa kuwa ujumbe wake unatokea Congo. Analipa ghali, lakini anazungumza na duka lake. Mamlaka ya nchi humfuata mtu kupitia laini hata anapodhani ameiacha nyuma. Na Wakongo wanajua upande wa pili wa jambo hilo: serikali ilipofunga intaneti kuanzia 31 Desemba 2018 baada ya uchaguzi, kwa takriban siku 20, waliokuwa karibu na mipaka, Goma kwa mfano, walishika laini za majirani.

Turudi barabarani. Chukua madereva wawili wa Kolwezi waliopotezana kwenye maegesho ya Kapiri Mposhi, wote na laini za Congo. Mmoja anampigia mwenzake aliye umbali wa mita mia. Simu inaondoka Zambia inakwenda Congo, kwa sababu namba inayopigwa inaanza na 243 na Congo ndiko kunakojulikana aliko mwenyewe. Congo inaitazama, inaona mtu yuko Zambia, inairudisha Zambia. Safari mbili za kimataifa kwa mazungumzo ya mita mia. Aliyepiga analipa. Aliyepokea naye analipa, na hapo ndipo watu hupandisha sauti: nimepigiwa, nimelipa kwa nini? Kwa hesabu za kampuni, aliyepiga hakujua kwamba mwenzake amesafiri, hivyo kipande cha pili cha safari kimeangukia aliyesafiri. Kilichoamua hivyo ni mkataba tu, na mikataba huandikwa upya.

Nyuma ya bei hiyo kuna bei nyingine isiyoonekana. Mtandao mwenyeji hurekodi kila dakika na kila megabaiti ya mgeni, huyafunga katika mafaili yaitwayo TAP, na kuyatuma kwa kampuni za kati zinazolinganisha madai ya dunia nzima. Bei humo huandikwa kwa SDR, kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa, ili faranga ya Congo na kwacha zisigombane. Kwa mteja wa mkataba wa mwezi mafaili hayo yalikuwa yanachelewa kiasi kwamba walaghai walimaliza maelfu ya dola kabla nyumbani hawajajua. Ndiyo sababu tangu 2008 chama cha kampuni za simu, GSMA, kinataka taarifa za matumizi ya mgeni zifike nyumbani ndani ya saa nne. Mteja wa mayunite haimhusu sana, kwa kuwa yeye hawezi kukopa. Ulinzi wake ni umaskini wa salio lake.

Bei hiyo ya jumla kati ya kampuni na kampuni ndiyo mzizi wa yote. Mashine za kumlinda mteja zipo, na zimekuwapo miaka mingi. Umoja wa Ulaya ulizilazimisha kufanya kazi kuanzia Julai 2010: intaneti ya romingi ikifika euro 50 ikatwe isipokuwa mteja ameomba iendelee, na akifika asilimia 80 aonywe. Tarehe 15 Juni 2017 nyongeza ya romingi ikaondolewa ndani ya umoja huo. Hakuna mashine mpya iliyobuniwa siku hiyo. Kilichobadilika ni sheria ya bei ambayo kampuni moja inaweza kuidai nyingine.

Na sisi hatukuwa nyuma. Septemba 2006, miaka kumi na zaidi kabla ya Ulaya, Celtel ya Mo Ibrahim, ikiwa tayari imeuzwa kwa Wakuwait, iliunganisha Kenya, Uganda na Tanzania kwa huduma iliyoitwa One Network. Mteja alivuka mpaka akapiga kwa bei ya wenyeji, akapokea bure, na akaweza kununua vocha ya huko na kuiingiza kwenye laini ya nyumbani. Mwaka 2007 Congo ikaingizwa. Iliwezekana kwa urahisi kwa sababu kampuni ilikuwa inajidai yenyewe. Hela zilitoka mfuko wa kulia zikaingia wa kushoto. Celtel ikawa Zain, na 2010 Zain ikaiuzia Bharti Airtel biashara yake ya Afrika kwa dola bilioni 10.7. Hadi leo Airtel ina mitandao Congo, Zambia na Tanzania, yaani njia nzima ya lori la Mashamba. Vodacom inayo Congo na Tanzania, lakini katikati, Zambia, haina mtandao wa simu za mkononi. Kwa dereva wa Kolwezi ramani hiyo ina thamani kuliko tangazo lolote la redioni.

Serikali nazo zilijaribu. Oktoba 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza eneo moja la mtandao, Sudan Kusini ikafuata: kupokea simu bure, na bei ya kupiga iliyowekewa kikomo cha senti 10 za dola kwa dakika. Congo ilikubaliwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki Machi 2022 na kutia saini mkataba tarehe 8 Aprili. Huko Kolwezi na Lubumbashi wengine walidhani romingi ya bei nafuu iko njiani. Tatizo ni la jiografia. Barabara ya Mashamba kwenda Afrika Mashariki hupita Zambia, na Zambia si mwanachama wa jumuiya hiyo. Congo na Zambia zimo pamoja katika COMESA, lakini Tanzania ilitoka huko mwaka 2000. Jumuiya pekee kati ya hizo inayozikusanya zote tatu ni SADC. Mawaziri wake wa mawasiliano walikubaliana tangu 2007 kushughulikia bei za romingi, na utekelezaji umekuwa wa vipande vipande, nchi na jirani yake. Mdhibiti wa Congo, ARPTC, na mwenzake wa Zambia, ZICTA, hawahitaji kungoja bara zima. Wanahitaji mpaka mmoja, Kasumbalesa, na kikomo cha bei ya jumla kati ya kampuni zisizozidi vidole vya mikono miwili.

Mtu anaweza kuuliza kama Wakongo wako tayari kuamini tena mfumo unaokata salio lao kutoka mbali. Wana sababu ya kusita. Septemba 2020 ilianza tozo ya RAM, ya rejista ya simu za mkononi: takriban dola 1 kwa mwaka kwa simu ya kizazi cha pili na dola 7 kwa ya kizazi cha tatu au cha nne, ikikatwa kwa mafungu moja kwa moja kwenye mayunite. Hakuna aliyetoa hela kwa mkono wake. Mtu alinunua mayunite kwenye mwavuli, akafika nyumbani akakuta yamepungua. Ghadhabu ikapanda hadi bungeni, na mwanzoni mwa 2022 tozo ikafutwa. Kwa mhandisi, RAM ilikuwa amri nyingine tu kwa mashine ya mkoba. Kwa mnunuzi wa mayunite ya faranga elfu moja ilikuwa funzo kwamba anayeshika kipimo anaweza kupima lolote.

Kuna sababu nyingine inayomfanya dereva asiitupe laini ya Congo hata kama haitumii kupigia. Hela zake zimo humo. M-Pesa ilianza Congo mwaka 2012, Airtel na Orange nazo zina huduma zao, na familia iliyobaki Kolwezi hulipiwa ada ya shule kupitia namba hiyo ya 243. Msimbo wa kutuma hela, ukiandikwa ukiwa nje, hurudishwa kwenye mtandao wa nyumbani ili ujibiwe huko. Romingi isipokuwapo, mkoba umefungwa hata kama umejaa. Basi laini ya Congo inakaa kwenye simu ndogo ya vitufe, ikisubiri. Laini ya Zambia ndiyo ya kuzungumzia njiani. Ya Tanzania ina masharti yake: tangu usajili wa alama za vidole, uliofikia ukomo Januari 2020, haiokotwi tena kibandani Tunduma bila karatasi, na mgeni hutakiwa pasipoti.

Mkaguzi wa gharama angesema dereva amejijengea mfumo wake wa sera na malipo. Yeye ndiye anayeamua laini ipi iamke wapi. Kosa dogo tu humgharimu: kwenye foleni ya Kasumbalesa, ambako malori hulala, minara ya nchi mbili hufikia kabini moja. Simu iliyoachwa ijichagulie mtandao huweza kukamata mnara wa ng'ambo wakati lori bado liko Congo, na kama romingi ya intaneti imewashwa, programu za nyuma hunywa mamega ya bei ya kigeni usiku kucha. Wenye uzoefu huzima romingi ya intaneti kabla ya Whisky, kitongoji cha mpakani, na huchagua mtandao kwa mkono.

Kinachonishangaza zaidi kimefungwa chini ya dashibodi. Kifaa cha kufuatilia lori, kile kinachomwonyesha mwenye mali mahali mzigo ulipo, nacho kina laini ndani yake. Mara nyingi ni laini ya kampuni ya nchi nyingine kabisa, ya mkataba wa jumla, inayozurura mwaka mzima na kuhama mnara mmoja hadi mwingine bila kujali mpaka. Hutuma vibaiti vichache kila baada ya muda, na bei yake ilishapatanwa mezani na watu wenye maelfu ya laini. Mashine ileile ya sera inaitambua na kuipitisha. Kwa hiyo kwenye lori moja, Nakonde saa nane usiku, chuma kiko hewani na dereva hayuko.

Njia ya shaba nayo imeanza kugawanyika. Mwishoni mwa 2023 shehena za majaribio kutoka migodi ya Kolwezi zilipanda treni kuelekea magharibi, kupitia Dilolo na Luau hadi bandari ya Lobito, na reli ya upande wa Angola imekabidhiwa kwa ubia wa Trafigura, Mota-Engil na Vecturis kwa miaka 30. Kwa simu, huko ni nchi ya 631. Airtel haina mtandao Angola, wala Vodacom, wala Orange. Africell, iliyoanza Congo 2012, ilifungua Angola mwaka 2022, na kati ya kampuni hizo nne ndiyo pekee yenye mtandao wake Congo na Angola.